Wanafunzi 75 darasani, umeme wa kukatika, intaneti hakuna: tuanze kununua nini?

Mwalimu_Masindi

Walimu wenzangu, habari za kazi. Naomba ushauri wa watu wanaovitumia vifaa hivi darasani kila siku.

Shule ni ya sekondari, upande wa Masindi, Uganda, Senior 1 hadi Senior 4, kutwa na bweni. Kila mkondo una wanafunzi 70 hadi 80. Umeme wa gridi upo, ila hukatika karibu kila siku, mara nusu saa, mara kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mtandao wa simu unashika, lakini bando za kulisha darasa zima hatuziwezi. Kamati ya wazazi imekubali kuchangia vifaa vya kufundishia, na mkutano uligawanyika: kuna wanaotaka tableti 40, na kuna wanaotaka ubao mmoja mkubwa wa kugusa, wa inchi 65, ufungwe kwenye chumba kimoja na madarasa yawe yanapokezana.

Ninachoogopa ni pesa za wazazi kuishia kwenye kabati lenye kufuli. Tuanze na nini? Masomo tutayapata wapi bila intaneti? Umeme tuufanyeje? Na zaidi ya yote, wanafunzi 75 mbele ya kifaa kimoja wanajifunza nini hasa, au wanatazama tu kama sinema?

ChakiNaWaya (fizikia na hisabati, Hoima)

Mwalimu, hilo swali lako la mwisho ndilo la kwanza. Kabla ya kwenda dukani, kaa na wakuu wa idara muandike mada kumi ambazo kila mwaka wanafunzi hawazishiki hata zikielezwa mara tatu. Kumi tu. Utaona nyingi zina tabia moja: ni mambo yanayotembea, au madogo mno kuonekana, au ya polepole mno. Mkondo wa umeme ndani ya waya, seli inapogawanyika, chembe za gesi zikipashwa moto, mabamba ya ardhi yanavyoachana mpaka likatokea bonde lenye Ziwa Albert, ambalo kwenu ni jirani. Hapo chaki inashindwa, na hapo ndipo kifaa kinalipa. Kukokotoa hesabu hatua kwa hatua kubaki ubaoni. Mkono wa mwalimu unakwenda kwa kasi ambayo mwanafunzi anaweza kuandika, ilhali ukurasa wa projekta unatokea wote kwa mpigo na nusu ya darasa inabaki nyuma.

Ubao wa kugusa wa inchi 65 nisingeuanza. Skrini hiyo ina kimo cha sentimita 81 hivi. Kanuni ya kawaida ni kwamba anayekaa mbali kabisa asizidi mara sita ya kimo cha picha, yaani mita 4.9. Darasa la watu 75 lina viti vya nyuma mita 8 au 9. Safu za nyuma zitaona rangi, hazitasoma herufi. Tena wakati mmoja anagusa, wengine 74 wanasubiri.

Projekta ya kawaida inatoa picha ya upana wa mita 2.4 na kimo cha mita 1.5, na mara sita ya hiyo ni mita 9. Nyingi zinahitaji umbali wa mara moja na nusu ya upana, kwa hiyo ikae mita 3.6 kutoka ukutani. Tafuta mwanga wa lumeni 3,000 au zaidi, na hakikisha pembeni ya namba kumeandikwa ANSI, yaani mwanga umepimwa kwa kipimo sanifu. Zile projekta ndogo za bei rahisi huandikwa namba kubwa sana kwenye boksi bila neno hilo, na saa nne asubuhi, madirisha yakiwa wazi, picha haionekani. Msinunue pazia la projekta: pakeni sehemu ya ukuta rangi nyeupe isiyong'aa, halafu mzibe kwa kitambaa kizito madirisha mawili yaliyo karibu na ubao tu. Ya nyuma acheni wazi, hewa ipite na wanafunzi waone madaftari yao.

Sasa somo lenyewe. Chukua sakiti, Senior 3. Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kinatoa bure michezo ya majaribio iitwayo PhET. Kila jaribio ni faili moja la megabaiti chache, unalipakua mara moja mjini, unalifungua kwenye kivinjari chochote bila intaneti. Lile la kujenga sakiti linakuonyesha elektroni zikitembea ndani ya waya.

Kata karatasi za manila za rangi nne, vipande vya sentimita 10, kila mwanafunzi apate seti: nyekundu ni A, kijani B, njano C, buluu D. Kipindi cha dakika 40 kinakwenda hivi.

Andika swali ubaoni projekta ikiwa bado imezimwa: betri ya volti 9, balbu mbili za omu 10 kila moja zimeunganishwa kwa mfuatano. Balbu ya pili itawaka vipi ikilinganishwa na ya kwanza? A, zaidi. B, sawa. C, kidogo. D, haitawaka. Dakika moja ya kimya, kila mtu peke yake, hakuna kuulizana. Ukihesabu tatu, kadi zote juu kwa pamoja. Hilo la pamoja lina sababu: kadi zikipanda mojamoja, wote wanafuata yule anayejulikana kuwa hodari.

Utaona C nyingi. Wanaamini balbu ya kwanza "inakula" umeme na ya pili inapata masalio. Usiwaambie jibu. Kama walio sahihi ni kati ya asilimia 30 na 70, waambie kila mmoja amgeukie jirani mwenye kadi tofauti wabishane dakika tatu, kisha kadi zipande tena. Wakiwa chini ya 30 hawana cha kubishania, rudi ufundishe wazo lenyewe. Wakizidi 70, eleza kwa ufupi, songa mbele. Mtindo huu ulianzishwa na Eric Mazur pale Harvard mwaka 1991, na hauhitaji kifaa chochote zaidi ya kadi.

Ndipo unawasha projekta. Jenga sakiti mbele yao, weka ampea mita kabla ya balbu ya kwanza, katikati na baada ya ya pili. Zote zinasoma 0.45. Waache waitazame namba hiyo kwa muda, usiseme neno. Halafu uliza: nikizipanga sambamba, betri itatoa ampea ngapi? Kadi tena, kisha onyesha: kila balbu 0.9, betri 1.8. Zima projekta. Dakika kumi za mwisho, makundi ya watu sita wapewe betri kavu mbili, balbu mbili za tochi na vipande vya waya waijenge kwa mikono. Usiiruke hatua hii. Kwenye skrini waya haulegei na betri haiishi nguvu, na mwanafunzi anayejua ya skrini peke yake atakwama siku atakapokutana na kishikizo chenye kutu.

Ukihesabu, projekta imewaka dakika 12 kati ya 40, na zinatosha.

FundiSola_Arua

Nakubaliana na Mwalimu wa hapo juu kuhusu projekta. Mimi nasema ya umeme, maana hapo ndipo miradi mingi ya shule hufia.

Kwanza aina ya projekta. Yenye taa ya balbu inakula wati 250 hadi 300, na ina udhaifu mmoja: taa ni ya moto sana na feni inatakiwa iendelee kuzunguka dakika kadhaa baada ya kuzimwa. Umeme ukikatika ghafla feni inasimama, joto linabaki ndani, taa inapasuka au inafifia kabla ya wakati. Kwa umeme wenu huo, chagueni ya LED au leza. Zinastahimili kuzimwa ghafla. Ya LED nitaipigia hesabu kwa wati 80 kama mfano tu; yenye lumeni 3,000 za ANSI huvuta zaidi ya hapo, na hesabu ya hapa chini itapanda nayo. Kadiri lumeni za kweli zinavyopanda na wati zinapanda, kwa hiyo soma kibandiko cha nyuma, sio boksi.

Mahitaji ya siku moja:

Projekta wati 80 kwa saa 4: wati-saa 320.
Laptopu ya seva, yaani inayohifadhi masomo na kuyagawia tableti, wati 30 kwa saa 10: 300.
Ruta wati 10 kwa saa 10: 100.
Tableti, tuseme 20, zenye betri ya mAh 5,000. Kila moja ni wati-saa 18.5, zote 370, ongeza upotevu wa chaja, ziwe 460.
Jumla 1,180.

Uganda tunapata kwa wastani kama saa 5 za jua kamili kwa siku. Toa asilimia 30 kwa joto, vumbi na upotevu wa waya. 1,180 gawa kwa 3.5 ni wati 337, kwa hiyo chukua paneli za jumla ya wati 400, ili siku za mvua jua likishuka hadi saa 4 bado upate 1,120. Zisilazwe bapa kabisa. Hapa tuko kwenye ikweta, jua linapita utosini, lakini paneli bapa inatuamisha maji, vumbi jekundu la maramu linaganda kwenye ukingo wa chini na kuziba safu nzima ya seli. Iinamishe nyuzi 10 hadi 15, mvua iisafishe, na kiangazi mtu apande na kitambaa chenye maji kila wiki, asubuhi kabla kioo hakijapata moto.

Betri: za asidi usizishushe chini ya nusu, zitakufa ndani ya mwaka au miwili. Kwa hiyo 12V ya Ah 200, ambayo ni wati-saa 2,400, ihesabu kuwa 1,200. Ya lithiamu aina ya LiFePO4 unaweza kutumia asilimia 80 na inadumu miaka mingi zaidi, japo mwanzoni inauma mfukoni. Njia ya kupunguza ukubwa wa betri ni kuchaji tableti saa sita hadi saa tisa mchana moja kwa moja kutoka kwa jua, sio usiku. Na msizichaji zote 20 kwa mpigo: 20 mara wati 10 ni wati 200 pamoja na projekta juu yake. Makundi mawili ya kumi kumi.

Sasa kosa ninaloomba mlikague kwa macho yenu fundi akimaliza kazi. Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi) ya wati 1,000 kwenye betri ya volti 12 inavuta zaidi ya ampea 90 ikiwa kwenye kazi kamili. Waya kati ya betri na inveta uwe wa milimita 25 za mraba, usizidi mita moja na nusu, na fyuzi ya ampea 125 ikae karibu na kichwa cha chanya cha betri, ndani ya sentimita 30. Mkikuta waya mwembamba wa taa za nyumbani, mkataeni. Dalili yake ni hii: betri imejaa, paneli ni nzuri, lakini kila projekta inapowashwa inveta inalia na kuzima. Volteji inapotea njiani ndani ya waya, inveta inadhani betri imekwisha. Shika waya, utausikia una joto. Watu hununua betri mpya kwa tatizo la waya wa mita mbili! Tena waya huo unaweza kuwasha moto.

Inveta iwe ya wimbi safi la sine. Zile za wimbi la ngazi zinapasha chaja moto na kuleta mvumo kwenye spika.

Radi. Ukanda wetu huu una radi nyingi, na Masindi mmepakana na Kiryandongo, ambako mwaka 2011 radi iliua watoto wa shule ya msingi wakiwa darasani. Jengo liwekewe kinga ya radi yenye waya wake mnene unaoteremka nje ya ukuta mpaka ardhini, na fundi awapimie upinzani wa ardhi kwa mita, ushuke chini ya omu 10. Udongo mkavu wenye mawe huhitaji nondo mbili au tatu zilizounganishwa. Hata hivyo, wingu likianza kunguruma, chomoa. Chomoa waya wa umeme pamoja na waya wa paneli na wa antena. Na wanafunzi wasogee mbali na ukuta wenye nyaya. Kifaa kitanunuliwa tena.

Kwa upande wa gridi, nunueni kinga ya volteji inayochelewesha dakika tatu umeme unaporudi. Kinachoua chaja ni volteji inayoruka ghafla pale umeme unaporudi.

Mwalimu_Masindi

Asanteni sana, ndugu zangu. Mahesabu haya nitayapeleka kwenye kamati kama yalivyo. FundiSola, umetaja laptopu ya seva. Nilikuwa nimeambiwa ninunue ile kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Na masomo yenyewe yanaingiaje?

FundiSola_Arua

Raspberry Pi 4 ni nzuri na inakula umeme kidogo, volti 5 kwa ampea 3. Shida yake ni mbili. Inasoma kila kitu kutoka kwenye memori kadi, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili huharibika na kesho yake haiwaki. Pili, Wi-Fi yake ya ndani inachoka ukifika watu kumi na kitu. Kama mna laptopu ya zamani yenye RAM ya gigabaiti 4 na betri inayoshika hata nusu saa, itumieni hiyo. Betri yake ndiyo UPS tayari, yaani akiba ya kuiwasha umeme ukikatika. Itoeni diski ya zamani, muweke SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani.

Juu yake mnasakinisha Kolibri ya Learning Equality, programu ya masomo inayofanya kazi bila intaneti. Ni bure, inakaa kwenye Windows, Linux au Android. Hatua: nenda na laptopu mahali penye intaneti nzuri, fungua Kolibri, chagua chaneli (mkusanyiko wa masomo), usipakue chaneli nzima. Khan Academy, yenye video na mazoezi ya bure, peke yake ni makumi ya gigabaiti, ingia ndani yake uchague zile mada zenu kumi. Ukitaka kuhamishia kwenye mashine nyingine, toa kwenye diski ya nje kisha ingiza kutoka kwenye diski hiyo. Shuleni, iunganishe laptopu na ruta kwa waya, sio Wi-Fi. Ipe laptopu anwani isiyobadilika, mfano 192.168.1.10, na tableti zinafungua kivinjari kwa 192.168.1.10:8080. Anwani ikiachwa ibadilike yenyewe, kila Jumatatu mtakuwa mnaitafuta.

Ruta za nyumbani zinalemewa na video zikiwa tableti 15 hadi 20. Video ya ubora wa 480 ni kama megabiti 1 kwa sekunde kila mtazamaji, kwa hiyo pakueni ubora wa chini, na kama tableti zinakubali 5 GHz zitumieni hiyo. Kwenye 2.4 GHz chagueni chaneli 1, 6 au 11. Wikipedia mnaipata kwa Kiwix, programu ya kuisoma bila intaneti, lakini ile ya Kiingereza nzima yenye picha inapita gigabaiti 100. Pakueni toleo dogo lililochaguliwa.

Kiswahili_Mukono

Niruhusuni niongeze la somo langu, kwa sababu kila mjadala wa teknolojia shuleni huishia kwenye sayansi.

Tangu mtaala mpya wa NCDC, kituo cha taifa cha kukuza mitaala, uanze 2020, Kiswahili kimewekwa Senior 1 na Senior 2, na walimu ni wachache. Kifaa chenye faida kubwa kwetu ni spika ya bluetooth na simu moja. Wanafunzi wetu wengi wamekulia Kiganda, na katika Kiganda sauti za l na r hazitenganishi maana: r huja baada ya e na i, kwingine ni l. Kwa hiyo mwanafunzi anasema "mbere" na "piripiri" bila kusikia tofauti, na anasoma "karamu" kama "kalamu". Hasikii, na asichokisikia hawezi kukitamka, hata umsahihishe mara mia.

Tengeneza faili la jozi: kalamu na karamu, kula na kura, mahali na mahari. Tafuta msomaji anayezitenganisha vizuri. Rekodi kwenye chumba chenye magodoro au mapazia, bweni mchana panafaa sana, kwa sababu darasa tupu lina mwangwi unaofuta tofauti hiyo ndogo. Simu ikae sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, kando kidogo, pumzi isiigonge. Kila neno mara mbili, kimya cha sekunde 3 katikati. Safisha kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, toa MP3 ya mono ya kilobiti 64. Dakika moja haifiki hata nusu megabaiti, kwa hiyo nusu saa nzima ni kama megabaiti 14, unaituma kwa bluetooth kwa mwalimu yeyote.

Darasani, wiki ya kwanza hakuna kutamka. Unacheza neno, wanaandika 1 kwa l, 2 kwa r. Maneno 20, wanabadilishana madaftari na kusahihisha. Wakifikisha 16 kati ya 20 darasa zima, ndipo waanze kusema, kwanza wote pamoja, kisha safu kwa safu. Ukianza na kutamka, utawafanyisha mazoezi ya kosa.

Kwenu Bunyoro kosa litakuwa na umbo lingine. Rekodi wanafunzi 10 wakisoma orodha hiyo, sikiliza wapi wanateleza, chagua maneno kutoka hapo. Hadithi za kusoma zipo bure kwenye African Storybook, za Kiswahili na za lugha nyingi za Uganda. Hadithi moja katika lugha mbili, kulia na kushoto, inawasaidia sana wanaoanza.

Maabara_Mbale

Nimesoma yote kwa makini. Natofautiana na ChakiNaWaya jambo moja. Projekta haitoshi. Kuna mazoezi ambayo kila mwanafunzi lazima ayakosee kwa mkono wake na kusahihishwa papo hapo, na mwalimu mmoja hawezi kusahihisha madaftari 75 kila siku. Hapo tableti zina kazi. Ila si 40. Ishirini zinatosha, kumi na tatu za kutumia na saba za akiba, ukigawa darasa katika vituo vitatu kwenye kipindi cha mara mbili cha dakika 80. Watu 25 wanafanya jaribio la mikono, 25 wapo na mwalimu ubaoni, 25 wapo kwenye tableti. Dakika 24 kila kituo na dakika mbili au tatu za kuhama. Wawili kwa tableti moja, mmoja anashika, mmoja anaandika daftarini sababu ya jibu, wanabadilishana kila swali la tatu. Wakiwa wanne, wawili ni watazamaji, na mara nyingi wasichana ndio wanaosukumwa pembeni, kwa hiyo zamu itajwe na mwalimu.

Kolibri ina sehemu ya mwalimu ambapo unapanga somo lako kwa mpangilio wa mtaala wa NCDC. Hili lazima lifanyike, kwa sababu Khan Academy imepangwa kwa madarasa ya Marekani na mwanafunzi akiachwa humo peke yake anapotea. Alama za humo zikuonyeshe nani amekwama wapi. Msiziingize moja kwa moja kwenye tathmini endelevu inayochangia asilimia 20 ya UCE, cheti cha Senior 4. Mtu anaweza kurudia zoezi hadi limkubali.

Utunzaji: kila tableti namba ya rangi isiyofutika mgongoni, kava la mpira, na daftari lenye safu tano, yaani tarehe, namba, jozi ya wanafunzi, ilivyotoka, ilivyorudi. Wanafunzi wawili wa zamu wahesabu kabla kengele haijalia, si baada. Betri ya lithiamu inayofungiwa ikiwa sifuri likizo nzima hairudi, kwa hiyo mwisho wa muhula zifungwe zikiwa na chaji kati ya asilimia 40 na 60, mahali pa baridi. Funguo ziwe mbili, na mmoja wa wenye funguo awe mwalimu wa darasa. Zikikaa ofisini kwa mkuu wa shule peke yake, siku akienda wilayani somo limekufa. Na akaunti za wanafunzi ziwe majina mafupi bila picha. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inawahusu pia watoto wetu.

Jambo la mwisho kwa kamati yenu. Shule zilipofungwa, zote au kwa sehemu, kuanzia Machi 2020 mpaka Januari 2022, waliopata kitu ni wenye redio, televisheni au bando. Wengine walikaa tu. Chochote mtakachoweka kwenye seva hiyo, ruhusuni kitoke: wanafunzi wa bweni wakitumie saa za prepu, za kujisomea, na sauti za Kiswahili zile zichezwe kwenye spika kwa wa kutwa kabla hawajarudi nyumbani.

ChakiNaWaya

Maabara_Mbale umenishawishi kuhusu vituo vitatu. Mwalimu, basi mpangilio wa kununua uwe huu: umeme na kinga ya radi, kisha projekta na laptopu, halafu muhula mzima mfundishe zile mada kumi kwa kadi za manila. Tableti zije muhula wa pili, na zianze tano tu, walimu wazizoee kwanza. Tengeni pia fungu la chaja za akiba na kebo. Kebo ndizo hufa mapema kuliko vyote, pale kwenye shingo ya plagi, kwa kuvutwa.

Mwalimu_Masindi

Nimepima leo: kutoka ukutani hadi kiti cha nyuma ni mita 8.7, na ukuta wa mbele unapata jua la asubuhi hadi saa tano kasoro. Nitaomba fizikia ya Senior 3 ihamishiwe mchana kwenye ratiba. Fundi wa athi, wa kupima ule upinzani wa ardhi, anakuja Alhamisi na mita yake, nitaweka hapa namba atakayoipata.